VITABU: RIWAYA ZA MAMBO YA KALE

Wako wasomaji wapendao kujua habari za wazee wao, lakini kitabu cha historia huwachosha kwa wingi wa miaka na majina ya watawala. Watu hao yawafaa wajaribu riwaya. Historia husema kwamba watu waligoma. Riwaya huonyesha jinsi watoto wao walivyolala na njaa. Viko vitabu vitatu vya Kiswahili vifaavyo kuanzia.

Cha kwanza ni “Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka”, cha Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria. Ni habari za mume na mke waliokosa mtoto, hata wakwe wakamchukua binti yao, na mume ikambidi apeleke pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Humo mkulima ataona watu walivyolima, walivyovua na walivyoamkiana kabla ya Wazungu kuja. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akakitafsiri mwenyewe. Kilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Ni kirefu, kisomwe pole pole.

Cha pili ni “Kuli”, cha Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Chaeleza taabu za wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Kila aishiye kwa mshahara atajiona humo.

Cha tatu ni “Uhuru wa Watumwa”, cha James Mbotela, cha mwaka 1934. Baba yake alikuwa mtumwa aliyekombolewa, na jamaa zake walikaa Freretown, karibu na Mombasa. Kwa hiyo chatoka kwa watu yaliyowapata mambo yenyewe. Lakini kinawasifu mno Waingereza, na wengi wamekilaumu kwa hayo. Msomaji asikitupe, wala asikubali kila neno. Mtoto wa aliyefunguliwa minyororo humsifu aliyefungua. Mtoto wa aliyenyang’anywa shamba na watawala wale wale angeandika mengine, na wote wawili wangesema kweli.

Basi hapana riwaya ya kale isiyo na upande. Iliyo njema ni kuisoma kwa sauti jioni mbele ya wazee, na kuwauliza, “Ndivyo mlivyosikia kwa baba zenu?” Kitabu kitangoja kabatini; mzee hangoji.