Kichaka cha Maua Kisichomtesa Mkulima

Wako watu wasemao kwamba maua ni kazi ya wenye nafasi, na kwamba mkulima mwenye ekari mbili za mahindi na mihogo hana haja ya kupanda kitu kisicholiwa. Sikubaliani nao. Nyumba iliyozungukwa na udongo mtupu hujaa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na mvua ikinyesha kwa nguvu huuchukua udongo wa uwanjani ikaupeleka mtoni. Tena wengi wa hao wasemao hivyo waliwahi kupanda maua, yakafa, wakakata tamaa. Hawakushindwa kwa uvivu. Walianza na mche usiowafaa.

Mche huo mara nyingi ni mwaridi. Mtu huuona mjini umechanua, hununua mmoja kwa bei kubwa, huuleta nyumbani akidhani kwamba atapata maua kama yale. Lakini mwaridi hutaka kupogolewa kwa ujuzi, hutaka maji, na katika nchi ya pwani yenye joto na unyevu majani yake hushikwa na madoa meusi, yakapukutika. Yafaa mwaridi uachiwe mtu aliyekwisha zoea kuotesha vitu vingine.

Kabla ya kuchagua, mkulima anayeanza na ajiulize mambo matatu. Je, kipande cha tawi kikichomekwa ardhini wakati wa mvua kitaota? Je, mnyama akila majani atadhurika? Je, kichaka hicho kitakaa mahali kilipopandwa, au kitatembea? Jambo hilo la tatu ndilo wengi hulisahau, nami nililisahau.

Zamani nilimpa jirani yangu vipande vya lantana apande ua. Maua yake ni mazuri kweli: kichala kimoja huwa na rangi ya manjano, ya chungwa na nyekundu pamoja. Huota bila taabu, havumi upepo wala halichomi jua la kukiua, na kwa sababu hiyo nilikisifu. Baada ya misimu michache ndege walikuwa wamekula matunda yake madogo meusi na kuzitawanya mbegu katika malisho yote ya chini. Kiangazi kikali kilipokuja, majani mengine yakakauka, ng'ombe wa jirani akala lantana. Macho yakageuka manjano, ngozi ya pua ikachubuka kwa jua, akakataa majani, akakonda. Sumu ya lantana huharibu ini, na mnyama mwenye ini bovu ngozi yake haivumilii mwanga wa jua. Ng'ombe yule hakufa, lakini maziwa yalikatika, na jirani hakunilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi. Mmea huu asili yake ni nchi za joto za Amerika. Ulichukuliwa huku na huku duniani kwa ajili ya uzuri wake tu, na leo huhesabiwa miongoni mwa mimea mibaya kabisa kwa kuvamia ardhi. Mwenye nao asitosheke kuukata, kwani shina huchipuka tena. Na aung'oe pamoja na mizizi wakati udongo ni laini, kabla ya matunda kuiva.

Kuhusu oleanda sitasema mengi. Huvumilia ukame na maua yake ya waridi hupendeza barabarani, lakini kila sehemu yake ni sumu, hata majani yaliyokauka, na moshi wa vijiti vyake si salama. Penye mbuzi na watoto, isipandwe.

Basi kipandwe nini? Kwa mkulima wa pwani na wa nchi kavu ya joto, mimi nautanguliza mhina. Watu huuona kuwa mti wa dawa na wa arusi, wakasahau kwamba nao ni kichaka cha maua: maua yake ni madogo, meupe yenye kuelekea manjano, na harufu yake jioni hujaza uwanja mzima. Huvumilia jua kali na udongo hafifu. Kitu usichokipenda ni maji yaliyotuama. Ukipandwa kwa mstari, shibiri mbili baina ya mche na mche, na kukatwa mara kwa mara, hufanya ua mzito. Na hapo ndipo faida yake ilipo, kwa kuwa majani yanayokatwa si takataka. Yaanikwe kivulini, si juani, ili yasipoteze rangi yake ya kijani, kisha yatwangwe na kuchekechwa. Hina safi isiyotiwa mchanga wala dawa za rangi huwa na wanunuzi siku zote, hasa karibu na sikukuu na msimu wa arusi. Atakayeotesha kwa mbegu azitie majini siku kadhaa kwanza, kwani ni nzito kuota. Vipandikizi ni njia ya mkato.

Wa pili ni mwasumini. Huu hutaka maji kuliko mhina, kwa hiyo upandwe karibu na mahali pa kuogea au pa kuoshea vyombo, ambapo maji hayapotei bure. Maua hutoka katika machipukizi mapya. Kwa hiyo asiyekata matawi baada ya msimu wa maua atapata majani mengi na maua machache. Nimeona akina mama wakiogopa kuukata kwa kuuonea huruma, nao ukawanyima. Vitumba huchumwa alasiri kabla havijafunguka, navyo hutungwa vikuba usiku huo huo. Mwenye vichaka vinne au vitano karibu na mji kama Tanga, Mombasa au Unguja hatajirika, lakini atapata fedha kidogo ya chumvi na mafuta ya taa bila kupunguza hata mstari mmoja wa mahindi.

Haibiskasi na bogenvilia zote mbili humfaa anayeanza. Haibiskasi hula samadi vizuri na huchanua karibu mwaka mzima, ingawa ua moja kwa kawaida halidumu zaidi ya siku moja. Mbuzi huipenda, basi ipandwe ndani ya ua. Ikipatwa na wadudu weupe mfano wa pamba, ioshwe kwa maji ya sabuni. Bogenvilia ina miiba, na kwa hiyo yafaa nje, upande wa njia. Isipewe samadi wala maji mengi, maana ikishiba hutoa majani tu. (Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika, ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati.)

Mkulima wa nchi ya milima, kwa mfano Usambara au magharibi ya Kenya, ana rafiki mwingine kando ya njia zake, naye humdharau: alizeti mwitu. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Maua yake ya manjano hupendeza sana, lakini thamani yake kubwa imo majanini. Uchunguzi uliofanywa magharibi ya Kenya katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba katika kila kilo 100 za majani makavu mna kiasi cha kilo 3 na nusu za nitrojeni, na potasi zaidi kidogo ya hapo. Majani mabichi hukatwa, hufukiwa shambani kabla ya kupanda, nayo huoza upesi. Sitaficha taabu yake: majani mabichi kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo ni mzigo mzito kubeba, na haifai kuyachukua mbali. Yatumike katika bustani ya mboga iliyo karibu na ua huo. Tena ikatwe kabla mbegu hazijakomaa, isije nayo ikatembea kama lantana.

Hakuna sababu ya kununua miche hii. Masika inapoanza, majirani hupogoa nyua zao. Omba matawi yaliyokomaa nusu, yenye unene wa kalamu. Kata vipande vya urefu wa shibiri moja, ukikata chini ya kifundo, uondoe majani ya chini, ufukie nusu yake kivulini katika udongo uliochanganywa na mchanga. Usivivute kutazama kama vimeota mizizi. Watoto ndio hufanya hivyo, na watu wazima pia. Vikitoa majani mapya yenye nguvu, chimba mashimo ya upana wa dhiraa moja, tia samadi iliyooza isipokuwa kwa bogenvilia, na uhamishe miche siku ya mawingu. Panda zaidi ya unavyohitaji, kwa kuwa vingine vitakufa, na vitakavyobaki mpe jirani, ila mwambie kwanza ni mti gani.