Kelele Si Nguvu

Lori lenye bomba pana la moshi lipitapo barabarani karibu na shule yetu, wengi wetu hugeuza shingo na kusema, "Lile lina nguvu!" Mimi nami nalikuwa miongoni mwao. Sasa nimeacha, na naomba nieleze sababu, maana hapana shaka wako kati yetu wenye wazazi na wajomba wanaoishi kwa kazi ya malori.

Mjomba wangu ana lori la zamani la dizeli, nalo huchukua saruji mpaka Iringa. Mwaka jana lilianza kuchoka katika mlima wa Kitonga. Fundi mmoja akamwambia, "Injini yako imekabwa koo. Toa sailensa, tia bomba pana, utaona." Mjomba akamlipa kwa fedha alizokuwa ameniwekea za godoro na viatu.

Wakati wa likizo nikafuatana naye. Lo! Lori lilinguruma kama radi, nasi tukafurahi. Lakini mjomba ana desturi ya kuandika katika daftari saa ya kuanza kupanda Kitonga na saa ya kufika juu. Kabla ya bomba jipya aliandika dakika 34. Baada yake, kwa mzigo ule ule, dakika 33. Masikio yetu yalikuwa yametudanganya.

Sababu yake si ngumu. Injini ya dizeli huvuta hewa, huikandamiza mpaka iwe na joto kali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani, nayo huwaka na kuisukuma pistoni. Nguvu hutoka katika dizeli hiyo inayoungua. Katika lori la zamani kiasi chake hupimwa na pampu, wala bomba la moshi haliiamuru pampu kuongeza hata tone moja.

Sisemi kwamba bomba si kitu. Injini hutumia sehemu ya nguvu zake kusukuma moshi nje, na bomba lililoziba au kubonyea huiibia nguvu hizo. Tena moshi ndio unaozungusha tabo, ile feni isukumayo hewa ndani ya injini, ambayo mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliipatia hataza mwaka 1905. Moshi ukitoka kwa wepesi, tabo nayo huzunguka kwa wepesi zaidi. Lakini kama bomba la kwanza ni zima, faida ya kulibadili peke yake ni ndogo. Na anayeongeza dizeli kwenye pampu bila kuongeza hewa hupata moshi mweusi na joto linaloweza kuyeyusha pistoni.

Ugonjwa wa lori letu ulikuwa mahali pengine. Fundi mzee alipolikagua aliona chujio la hewa limejaa vumbi, na mpira unaotoa hewa kwenye tabo kwenda kwenye injini umepasuka. Hewa ilikuwa ikipotea njiani. Akabadili vyote viwili kwa fedha kidogo kuliko bei ya bomba, akarudisha na sailensa. Safari iliyofuata Kitonga ilipandwa kwa dakika 26, nasi tuliweza kuzungumza bila kupigiana kelele.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Wazazi, mkiambiwa na fundi kwamba kitu fulani kitaongeza nguvu, mwulizeni kwanza kama amekagua chujio, mipira na nozeli, kisha mpimeni kwa mzigo na saa. Nanyi wanafunzi wenzangu, somo la fizikia halikuandikwa kwa ajili ya mtihani tu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Viatu vyangu vya zamani vimeshonwa mara mbili. Sina kinyongo na mjomba, kwani mimi nami nilishangilia ule mngurumo.