TUIJUE NYUMBANI: Ndege inatua wapi Gitega?

Mwezi huu mwanafunzi mmoja alituuliza: "Mwalimu, kama Gitega ndio mji mkuu, ndege zinatua wapi?" Wenzake wakacheka. Sisi walimu hatukucheka, maana swali ni zuri.

Tangu Januari 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, na Bujumbura ikabaki ya biashara. Lakini uwanja wa Gitega ni mdogo, hauna lami. Kirundo nako kuna mdogo. Kwa Kirundi tunasema ikibuga c'indege, na ikibuga ni hicho hicho cha mpira! Uwanja wa namna hii unaishi kwa kutunzwa: majani yafyekwe, vichuguu visawazishwe, mbuzi wafukuzwe kabla ndege haijashuka. Mvua ikinyesha sana, magurudumu yanazama. Ukiachwa misimu michache tu, unarudi kuwa malisho.

Ndege kubwa zinatua Bujumbura, upande wa Gatumba. Uwanja ule ulifunguliwa 1952, mji ukiitwa bado Usumbura. Njia yake ya kurukia ina kama mita 3,600, na jengo lake lina mapaa ya mviringo kama nyumba za zamani za kwetu. Tangu 2019 unaitwa Melchior Ndadaye, jina la rais aliyeuawa Oktoba 1993.

Sisi tuliokulia Rohero tulikuwa tunaziona ndege zikipita juu ya ziwa. Tarehe 13 Mei 2015, Rais Nkurunziza akiwa mkutanoni Dar es Salaam, Jenerali Niyombare alitangaza mapinduzi akaamuru uwanja na mipaka ifungwe. Mapinduzi yalishindwa, rais akarudi. Lakini watu walikuwa wanakimbia, na wengi wetu ndege hatukuipanda. Tulitembea kwa miguu hadi Kagunga, meli ya Liemba ikatuvusha hadi Kigoma.

Sasa wazazi, kazi ya nyumbani ni yenu. Mtoto aliyeuliza swali kazaliwa hapa kambini, Burundi hajaiona hata siku moja. Jioni moja mchoreeni, hata kwa kijiti chini, mlima wenu, soko lenu na njia mliyopita. Msiseme "bado mdogo". Kumbukumbu nayo isipofyekwa inaota majani, na siku ya kurudi mtoto atakuwa mgeni kwao.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.