Mvua Isingiziwe Hadi Lini?

Ndege ikichelewa, mshtakiwa wa kwanza huwa ni hali ya hewa. Siku moja niliketi Embakasi saa sita nzima nikingoja kwenda Dar es Salaam. Tuliambiwa huko kuna dhoruba. Nilimpigia shemeji yangu simu, naye akaniambia jua linawaka na nguo zimekauka kambani. Mzee mmoja kando yangu akacheka: "Mwanangu, mvua haiwezi kwenda mahakamani kujitetea."

Tusiwaonee wenye ndege. Ndege moja hufanya safari nyingi kwa siku, na ukungu wa alfajiri huweza kuchelewesha safari ya jioni. Lakini kisingizio hiki kina faida yake. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya imeukubali, unalidai shirika lilipe hasara ya abiria wa safari ya kimataifa aliyecheleweshwa, ila likithibitisha kwamba lilifanya yote yaliyopasa kuizuia, au kwamba haikuwezekana. Dhoruba ni ngao. Rubani aliyekosekana si ngao. Na mzigo wa kuthibitisha ni wa shirika, si wako wewe msomaji.

Wenzetu wa Ulaya walikwenda mbali zaidi. Sheria yao ya 2004 iliweka fidia ya euro 250 hadi 600, nayo humgusa pia anayeondoka Nairobi kwenda Ulaya kwa ndege ya shirika la huko. Hali mbaya ya hewa huliondolea shirika fidia hiyo, lakini haiondoi chakula wala malazi. Mwaka 2010 majivu ya volkano ya Aisilandi yalifunga anga, hata maua yetu ya Naivasha yakaoza kwa kukosa ndege. Mwaka 2013 mahakama yao kuu iliamua kwamba hata majivu yale hayakumnyima abiria haki ya kulishwa na kulazwa.

Basi, ndugu abiria, usiondoke ukinung'unika tu. Omba sababu kwa maandishi, tunza tiketi na risiti za chakula, na ukumbuke kwamba mkataba unakupa miaka miwili ya kushtaki. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huwa ndefu sana pale ambapo hakuna anayeuliza. Mimi siku ile sikuuliza, nikala mkate wangu kwa pesa zangu.