Safari Zako Ziandike Zote



Kuna shauri moja linalotembea hapa Kalemie, bandarini, sokoni na katika makambi ya wafanyakazi, nasi tunasema waziwazi kwamba ni shauri baya. Ndugu yetu anayekaa Marekani anarudi kuzika mama yake. Anashuka kwa ndege Dar es Salaam, anafika Kigoma, anavuka ziwa kwa mashua. Matanga yakiisha anarudi kwa njia ileile. Siku ya kumsindikiza, sisi wenyewe tunamwambia: "Ukiomba uraia kule, usiandike kama ulifika Kongo. Pasipoti yako haina muhuri wetu. Nani atajua?"

Wandugu, maneno hayo yanaweza kumponza mtu.

Wengi wa ndugu hao walikimbia vita ya 1996 na ile ya 1998. Walivuka ziwa, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, kisha wakapokelewa Marekani kama wakimbizi. Sheria ya kule inamruhusu mkimbizi aliyekwisha kupata ukaaji wa kudumu aombe uraia baada ya miaka 5. Fomu ya maombi, inayoitwa N-400, inamtaka ataje kila safari ya nje iliyozidi saa 24 katika miaka hiyo 5: siku aliyotoka, siku aliyorudi, na nchi alizofika. Haiulizi mihuri. Inauliza safari.

Sababu ni hesabu ya siku. Katika miaka hiyo 5, mwombaji lazima awe amekaa ndani ya Marekani miezi 30 kwa uchache. Safari moja iliyopita miezi 6 inaweza kukata hesabu yake, na ya mwaka mzima huikata. Basi aliyekaa Kalemie wiki 3 za matanga hapotezi kitu katika hesabu hiyo. Lakini akizificha wiki hizo, na afisa akaziona kwenye tikiti ya ndege au kwenye picha za matanga, neno si safari tena, limekuwa uongo. Naye mwombaji huapa mbele ya afisa kwamba aliyoyasema ni kweli. Uongo wa namna hiyo unaweza kumnyima uraia. Hata akiwa ameupata, ikithibitika kwamba alificha jambo kubwa kwa makusudi, mahakama inaweza kumnyang'anya.

Wengine watasema: "Lakini alikimbia Kongo. Akisema alirudi, watamwuliza kama hofu yake ilikuwa ya kweli." Hilo si neno la kucheka. Swali hilo linaweza kuja. Lakini anayesema kweli ana la kujibu: nilikwenda kuzika mama, nilikaa siku kadha, nikarudi. Aliyeficha hana jibu. Mwenye wasiwasi amwone mwanasheria kabla ya kusafiri, aombe na karatasi ya safari ya wakimbizi. Asichukue shauri la sheria kwa jirani wa sokoni.

Twajua tabia hii ilitoka wapi. Wakati wa Mbelgiji, mji huu ukiitwa Albertville, mtu mweusi hakuweza kuondoka kwao kwa muda mrefu bila karatasi ya ruhusa. Baba zetu walificha safari zao ili waishi, nasi hatuwalaumu. Sheria ile waliwekewa bila kuulizwa. Lakini mwenye kuomba uraia anaomba kwa hiari yake, apate kupiga kura na kuhesabiwa mwenyeji. Mambo hayo mawili tusiyachanganye.

Ninyi wafanyakazi wa migodi mnajua thamani ya siku moja. Karani akikupunguzia siku 1 katika hesabu ya kazi, unapiga kelele mpaka mkubwa atoke ofisini. Basi usimfundishe mtoto wa ndugu yako kupunguza siku zake kwa mkono wake mwenyewe.

Akija tena, mwambieni hivi: nunua daftari, andika siku ya kutoka na siku ya kurudi. Tunza tikiti za ndege na risiti ya mashua. Kama umesahau tarehe ya safari ya zamani, usibuni. Sema wazi kwamba unakadiria.

Na Leta yetu tunaiambia: msafiri anayeshuka bandarini apigiwe muhuri, apewe risiti, asiombwe kitu cha pembeni. Tukimtaka raia aseme kweli, tusimnyime karatasi ya kuithibitisha.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ndugu zetu wametembea njia ndefu kutoka ziwani hapa. Wasikwame kwa sababu ya shauri letu.