Uzamivu wa biashara una kazi Turiani

Mwambie mtu wa Turiani kwamba unasomea shahada ya uzamivu ya biashara katika chuo cha umma, utajibiwa papo hapo: mfanyabiashara Bakhresa aliacha shule akiwa kijana mdogo na leo unga wake uko kila duka, wewe miaka yote hiyo ya vitabu itakupa nini? Wengine huona ni njia ya kutafuta "Dakta" mbele ya jina. Sikubaliani nao, na hoja yangu imo kwenye miwa yao wenyewe.

Mkulima wa nje, yaani asiye wa shamba la kiwanda, anayepeleka miwa kiwanda cha sukari cha Mtibwa hapo Turiani hana mnunuzi mwingine mkubwa wa kumkimbilia. Malipo yanategemea uzito na kiwango cha sukari, na muwa ukishakatwa unaanza kupoteza vyote viwili. Unatakiwa usagwe ndani ya siku moja au mbili, hasa kama shamba lilichomwa moto kabla ya kuvuna. Sasa litazame tela lililokwama kwenye foleni jua la saa nane: miwa myeusi kwa masizi, sehemu lilipopita panga imekauka na kuwa kahawia. Hasara ile aibebe nani? Aliyekata mapema, mwenye trekta, au kiwanda ambacho mitambo yake imesimama? Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu linamfaa anayelitoa.

Hapo ndipo mtafiti anapohitajika. Akusanye stakabadhi za mzani za misimu kadhaa, apime saa zinazopita tangu panga hadi kinu, asome mikataba kipengele kwa kipengele, kisha kazi yake ipite mikononi mwa watahini wasiomwonea haya. Tajiri hana sababu ya kujisumbua hivyo, na mshauri wa kukodiwa hujibu swali la aliyemlipa. Oliver Williamson, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia maisha yake ya usomi kuchunguza jambo la aina hii: ukishawekeza kwenye kitu kisicho na matumizi mengine, unayefanya naye biashara anapata nguvu juu yako, na mkataba hauwezi kutabiri kila kitakachotokea. Mwenye ekari tatu za miwa hilo analijua. Kinachokosekana ni ushahidi uliopangwa, ambao akiuweka mezani hautaitwa malalamiko.

Na kwa nini chuo cha umma? Kwa sababu swali hili la nani abebe hasara halina mteja. Chuo Kikuu cha Mzumbe kimo Mvomero, wilaya ileile ya Turiani. Kilianza mwaka 1953 kikifundisha watumishi wa serikali za mitaa, kikawa chuo kikuu mwaka 2001. Kama si chuo kilichojengwa kwa kodi, nani atamlipia mtu miaka ya kufuatilia foleni ya matela?

Nakiri wapo wanaosaka cheo tu, na tasnifu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza zikaishia kwenye rafu. Hilo linaniuma. Lakini linarekebishika: kabla mtahiniwa hajavaa joho, matokeo yake yasomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano wa chama cha ushirika, mhasibu wa kiwanda akiwepo, na wakulima wamhoji tarakimu moja baada ya nyingine.