Nyaya Zikitolewa Menoni, Kazi Bado

Hivi majuzi mama mmoja alimleta bintiye wa miaka 16 katika kliniki yangu. Msichana alikuwa na homa na kikohozi, si jambo la kutisha. Lakini kila alipotaka kucheka alijiziba mdomo kwa kiganja. Nilipomtazama koo niliona sababu: meno mawili ya mbele yalikuwa yamepandana.

"Daktari, huyu alivaa nyaya miaka miwili," mama alilalamika. "Nililipa kidogo kidogo mpaka nikamaliza. Sasa meno yamerudi. Je, nilidanganywa?"

Nilimwuliza msichana iko wapi riteina yake, yaani kile kifaa cha kuyashikilia meno ambacho mtu hupewa baada ya kutolewa nyaya. Akainamisha kichwa. Aliifunga kwa karatasi ya shashi wakati wa chakula huko shule ya bweni, ikazolewa pamoja na takataka. Mama aliposikia bei ya nyingine aliona hakuna haja, kwani meno yalikuwa yamekwisha kunyooka.

Msomaji mpendwa, mama huyu hakudanganywa. Hakuelezwa vya kutosha, au alielezwa asitilie maanani.

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Linashikwa na nyuzi ndogo sana zinazoliunganisha na mfupa. Nyaya zinapolisukuma jino, mfupa huyeyuka upande mmoja na kujengeka upande wa pili, na hivyo jino huhama polepole. Siku nyaya zinapotolewa, mfupa huo mpya bado haujakomaa. Nyuzi zinazoshika mzizi huchukua miezi kadhaa kujipanga upya, na zile za ufizi huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Muda huo wote huwa zimenyooka kama mpira uliovutwa, zikilirudisha jino lilikotoka.

Isitoshe, taya hubadilika kadiri tunavyozeeka. Hata mtu ambaye hajawahi kuvaa nyaya huenda akaona meno yake ya mbele ya chini yakibanana afikapo umri wangu huu wa miaka arobaini na kitu. Ndiyo maana madaktari wengi wa meno hushauri riteina iendelee kuvaliwa usiku kwa miaka mingi, maadamu mtu anataka meno yabaki yalivyo.

Ziko za aina tatu: ya plastiki ngumu yenye waya kwa mbele, ya plastiki nyembamba inayopitisha mwanga, na waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno. Daktari wako ndiye atakayekuambia uvae saa ngapi kwa siku. Yangu ni haya machache:

Ukila, itoe na uiweke katika kijisanduku chake, kamwe si katika shashi wala mfukoni. Ioshe kwa maji baridi na mswaki laini. Maji ya moto huikunja. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Ukiwa umeivaa, kunywa maji matupu, kwani chai yenye sukari na soda hunaswa ndani yake na kuozesha meno. Kama wako ni ule waya wa kugandishwa, usikose kuukaguliwa, maana huweza kubanduka upande mmoja bila wewe kujua. Na ikipotea, usingoje likizo. Nenda juma hilo hilo. Ukiona inabana kuliko kawaida, meno yameanza kuhama. Ikikataa kuingia, usiilazimishe, mwone daktari.

Sasa maoni yangu. Wenzangu wa meno, bei ya riteina itajwe siku ya kwanza, pamoja na ya nyaya, na mzazi aelezwe wazi kwamba huenda akahitaji nyingine baadaye. Kumtajia siku nyaya zinapotolewa, mfuko wake ukiwa umekauka, ni kumfanya adhani anaongezewa deni.

Nanyi wazazi, msianze safari hii kama hamjapanga kuimaliza. Mtoto atalalamika kwamba inamkera na kwamba anatatizika kusema. Siku chache hivi atazoea. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Riteina mpya ina gharama, lakini ni ndogo mno ikilinganishwa na kurudia nyaya.

Yule msichana nilimtibu kikohozi, kisha nikamwandikia barua ampelekee daktari wake wa meno. Huenda akavaa nyaya tena. Alipokuwa akitoka aliniuliza kama safari hii yatakaa. Nilimjibu kwamba yatakaa, iwapo kile kijisanduku kitalala karibu na mto wake kila usiku, nacho kiwe kitupu.